Neno Langu Moja Ukutani

Nchi ya Ukutani ipo. Anayetaka kubisha asubiri nimalize, kisha abishe, mimi sina haraka. Njia ya kufika siielezi, maana njia ni vumbi na miguu kuuma, na hayo kila mtu anayajua. Ninayotaka kuyaandika ni sheria zao, na lile nililolitenda mimi mwenyewe kwa kinywa changu nikidhani ni wema.

Katikati ya mji wao pana banda kubwa lisilo na dirisha hata moja. Ndani yake upo ukuta mweupe, unapakwa chokaa kila wiki, na juu ya ukuta huo huonyeshwa picha zinazotembea na kusema. Baada ya chakula cha mchana mji mzima huingia humo, hata wenye wagonjwa nyumbani. Wakitoka hawaulizani kama picha ilikuwa nzuri. Wanaulizana, umeona ilivyokuwa? Mwanzo nilidhani ni namna yao ya kusema tu. Baadaye nilijua kwamba wanamaanisha hivyo hivyo.

Nilipewa malazi kwa mjane mmoja aitwaye Bi Mashavu, mtu wa miaka hamsini hivi, mwandishi wa vitabu. Mlangoni kwake nilimkuta askari mwenye fimbo, nikaogopa, nikajua mwenye nyumba ana kesi. Kumbe kazi ya askari yule ni kufukuza kuku. Sheria ya kwanza ya Ukutani inasema mtu anayeandika asiguswe, asiharakishwe, asiulizwe anaandika nini, wala asipigiwe kelele hata na jogoo. Mkuu wa nchi mwenyewe akipita pale huvua viatu. Nikasema moyoni, hii ndiyo nchi. Kwangu mimi nikishika kalamu, ndipo watu wanapokumbuka kuniuliza chumvi iko wapi.

Kitabu cha Bi Mashavu kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa habari ya binti yake, Mwanamvua. Binti huyo alifanya kazi katika kiwanda cha kamba cha Bwana Adinani. Kiwandani humo imo mashine ya kusokota katani, ina magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakitazamana, na mbele yake palitakiwa kuwa na bati la kuuzuia mkono. Bati liling'oka siku moja, halikurudishwa. Mwanamvua alikuwa na miaka kumi na tisa. Ncha ya mtandio iliingia kwanza, kisha mkono, kisha mwenyewe. Mama yake aliyaandika hayo bila kuyapamba, na watu waliokisoma kitabu walikwenda kiwandani kwa miguu yao wakaifunga mashine ile kwa mnyororo. Nilipofika mimi, mnyororo ulikuwa na mwaka wa tatu haujafunguliwa.

Haya alinieleza huku akichambua mchele, hakuinua macho. Nikamuuliza kama watu wameelewa, shida imebaki wapi. Akasema wafanyakazi wengi wa kiwanda hawajui kusoma, na wapya wanakuja kila msimu, na sasa wameanza kunung'unika kwamba mashine nzima imelala bure. Ndiyo sababu amekubali kitabu chake kiende ukutani.

"Mwanangu harudi, Bi mkubwa, hilo nimelimeza," alisema. "Lakini wakimwona alivyokwenda, hakuna atakayeugusa mnyororo."

Nikamwona mwanamke mwenye akili. Mimi nilikuwa nimemletea mkeka wa ukili, nimeusuka mwenyewe kwa miezi miwili, nikampa siku hiyo hiyo. Akautandika barazani.

Kesho yake nikaambiwa kuna Baraza la Maneno, na mgeni anakaribishwa kutazama. Hapo ndipo nilipofundishwa sheria ya pili. Karatasi ni ya mmoja, ukuta ni wa wengi. Picha ya ukutani haitengenezwi mpaka watu wachange, huyu mbao, huyu nguo, huyu chakula cha wapiga picha, na kila aliyechanga ana neno moja. Neno maana yake ni kitu kimoja anachoweza kukibadilisha katika hadithi, na hakuna wa kumzuia. Nikakumbuka kamati za harusi za kwetu, mtu akichanga kreti mbili za soda anataka kuchagua na rangi ya gauni. Tofauti ni kwamba kwetu bado hajafika mtu wa kumbadilisha bwana harusi.

Aliyeongoza baraza ni Karani wa Maneno, Bwana Twaibu, mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimuuliza mwandishi mwenyewe yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Bi Mashavu alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na askari wake amesimama kando, anafukuza kuku. Mwandishi haingii barazani, Bwana Twaibu alinieleza, asije akasumbuliwa.

Wa kwanza kusimama alikuwa muuza sabuni. Alisema ametoa sabuni ya wiki nzima, na neno lake ni kwamba pasionekane nguo chafu. Mtu mmoja akauliza wafanyakazi wa katani watakuwaje weupe pe jioni. Muuza sabuni akajibu kwamba hilo ndilo swali anatamani kila mtazamaji ajiulize. Likaandikwa. Muuza dawa ya kikohozi akataka pawe na kikongwe anayekohoa mwanzo na asiyekohoa mwisho. Likaandikwa. Muuza magodoro akasema binti arudipo kazini alale juu ya godoro la inchi nane. Hapo pakazuka mjadala mkubwa. Wengine walisema mfanyakazi wa kiwandani hana uwezo wa inchi nane, hadithi haitaaminika, na wao ni watu wanaoheshimu ukweli. Wakabishana mpaka jua likahama kutoka mlango mmoja hadi wa pili, wakapatana kwenye inchi sita.

Bwana Adinani mwenye kiwanda alikuwa amechanga kuliko wote. Nilimtazama sana, nikingoja aharibu. Alisimama taratibu, akasema neno lake ni mashine ipakwe rangi ya kijani. Basi. Neno lenyewe lilikuwa dogo mpaka watu wakamhurumia.

Kisha Bwana Twaibu akageuka, akasema bado neno la bibi mgeni. Nikasema mimi sikuchanga kitu. Akasema mkeka wangu umeombwa kwa Bi Mashavu, utatandikwa chini ya godoro la inchi sita, kwa hiyo nimechanga. Nikasema basi nauacha mkeka, neno silitaki. Baraza zima likaguna. Niliambiwa kwamba kuchanga bila kusema ni matusi kwa waliosema, na kwamba neno la mgeni halipingwi hata kwa swali.

Bwana Adinani alikuwa amekaa karibu nami. Akainama.

"Bibi, wewe una wajukuu," alisema kwa sauti ya chini. "Binti yule nilimjua, alikuwa akinisalimia kila asubuhi. Hata mimi ningependa asife."

Akapangusa macho. Mpaka leo sijui kama yalikuwa machozi ya kweli. Mimi niliwafikiria wajukuu zangu, nikamtazama yule mama pale benchini, mabega yameanguka, nikawaza kwamba kama atamwona mwanawe mzima ukutani, hata kwa saa moja, si vibaya. Nikasimama. Nikasema, "Basi mtoto asife."

Mpiga picha mmoja, aliyekaa kando ya karani, alikuwa akiandika kila neno tangu asubuhi bila kulalamika. Alisimamisha kalamu, akaniuliza kama nina hakika kwamba hilo ndilo neno langu. Nikasema ndilo. Akaifunika kalamu kifuniko chake. Baraza likanipigia makofi, na wa mwisho kuacha kupiga alikuwa Bwana Adinani.

Nilipotoka nilitaka kumwambia Bi Mashavu. Kisha nikaona nimwachie, iwe zawadi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza, siwezi kubadilisha.

Baada ya siku tisa picha ikawa tayari. Mimi na Bi Mashavu tulikaa mbele, ubavu kwa ubavu. Aliyecheza Mwanamvua ni msichana aitwaye Sikudhani. Waigizaji wa Ukutani hulelewa bandani tangu wadogo, hawana kwao wala watu wao, ili ikihitajika wawe wa yeyote. Tukaona nguo nyeupe pe, tukamwona kikongwe akipona kifua, tukaliona godoro na mkeka wangu chini yake. Kisha mashine ikatokea, kijani kama jani la mgomba. Sikudhani akasogea, ncha ya mtandio ikaingia kati ya magogo, banda zima likashika pumzi. Akavuta mkono, akacheka. Akajifunga mtandio vizuri, akaendelea na kazi huku akiimba, na picha ikaishia hapo, anaimba.

Bi Mashavu hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu, "Nani?"

Nje watu walimjia kumpa mkono. Walewale waliofunga mnyororo. Walimwambia hongera, kumbe alipona. Nilifikiri ni utani wa kikatili, nikatazama nyuso zao, hapakuwa na utani. Akaja mwanamke mmoja mnene, kanga mbili, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia, "Bi Mashavu wewe, tulipata hofu bure." Baadaye niliuliza yule ni nani. Nikaambiwa ndiye aliyeiosha maiti ya Mwanamvua.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Nyumbani nikakiri. Nilimweleza yote, mkeka, machozi ya Bwana Adinani, zawadi niliyotaka kumpa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniuliza." Akaingia ndani.

Asubuhi wakaja Walinganishi. Sheria ya tatu sikuwa nimeambiwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza asiijue. Anayeandika haguswi, lakini kilichokwisha kuandikwa lazima kilingane na ukuta. Walikuwa vijana wenye adabu. Walivua viatu mlangoni, askari wa kuku akawafungulia. Wakaomba unga wa ngano kidogo wakoroge gundi. Kisha wakatoa nyembe, wakakata kurasa kumi na nne za kitabu cha Bi Mashavu mbele ya macho yake, wakabandika mbili mpya, zimejaa nyimbo. Wakashukuru kwa unga. Siku ile walipita kila nyumba yenye kitabu hicho. Nilisimama barazani nikiwatazama wakiingia na kutoka, na watu wakiwapa maji ya kunywa.

Nikaenda mbio, kwa umri huu, mpaka kwa Bwana Twaibu, nikamwambia nalirudisha neno langu, na mkeka wauchukue. Alinipa kiti. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba neno likishaonekana ukutani si la mwenyewe tena.

"Na ukiliondoa, bibi, yule binti atakufa," alisema. "Mtu mzima kama wewe, unataka tumwue?"

Nikamwambia alikwisha kufa. Akanitazama kwa huruma, akanimiminia chai.

Nikapita kiwandani. Mlinzi aliniruhusu kuchungulia. Mashine ilikuwa imepakwa kijani kweli, na rangi haijakauka vizuri. Pale palipotakiwa kuwa na bati palikuwa wazi vilevile. Aliyeipaka rangi alikuwa fundi hodari, alipaka hata matundu manne ya misumari.

Siku ya Jumamosi Bwana Twaibu alifika kwa Bi Mashavu na karatasi mkononi, na nyuma yake alikuja Sikudhani amebeba begi dogo. Akasema yote sasa yamelingana isipokuwa mambo mawili. Kaburi la upande wa magharibi linasema kuna mtu, na mtu hayumo, kwa hiyo litasawazishwa. Na mama hana binti ndani ya nyumba, kwa hiyo yeye amemleta binti. Bi Mashavu atie sahihi, amtambue. Jumatatu mnyororo utafunguliwa na Mwanamvua atarudi kwenye mashine akiimba, kama kila mtu alivyoona.

Bi Mashavu akasema hatii sahihi. Alilisema polepole, mara tatu, na kila mara Bwana Twaibu aliitikia kwa kichwa na kubaki palepale. Alikuwa na subira kama yangu, na mimi nilianza kuiogopa subira.

Msichana alikuwa amesimama uani, hajui akae wapi. Nikamsogelea. Nikamuuliza kama anaijua mashine anayokwenda kuifanyia kazi. Akasema anaijua vizuri, ameshika magogo yake siku mbili nzima.

"Ni laini, bibi," alisema. "Ukiyaminya yanabonyea."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba wakati wa kupiga picha muuza magodoro alitoa sponji, wakaikata ikawa magogo, wakayapaka rangi. Mashine ya kiwandani hajawahi kuiona. Nikamwambia ile ya kweli ni chuma, ile iliua. Akatabasamu kwa upole, kama wale wote, akasema, "Lakini sikuumia. Nilijiona mwenyewe."

Bi Mashavu aliyasikia hayo. Akamgeukia msichana kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alimtazama kuanzia viatu, mikono, mpaka mtandio wake mrefu ulioning'inia. Kisha akamwambia Bwana Twaibu amsomee karatasi. Bwana Twaibu akasoma kwamba huyu ni Mwanamvua, binti wa Mashavu, mzima, hajaolewa, na kwa hiyo yuko chini ya mkono na amri ya mama yake mpaka atakapoolewa. Akaambiwa arudie pale mwisho. Akarudia.

"Lete kalamu," alisema Bi Mashavu.

Nilimshika mkono. Nikamwambia asitie, kitabu ndicho hicho kimekatwa, sasa atamkana na mtoto? Hakunikasirikia. Aliniondoa vidole kimoja kimoja.

"Niache, Bi mkubwa. Wewe neno lako ulikwisha kusema."

Akatia sahihi. Bwana Twaibu akapuliza wino ukauke, akampa mkono wa pongezi. Bi Mashavu hakuupokea.

"Huyu sasa ni mwanangu?"

"Ni mwanao, kwa karatasi na kwa ukuta."

"Yuko chini ya amri yangu?"

"Kama kila mtoto."

"Basi mwanangu haendi kwenye mashine ile. Si Jumatatu, si siku nyingine yoyote. Nimekataa mimi mama yake."

Bwana Twaibu akaigeuza karatasi, nyuma haikuwa na kitu. Akavua miwani, akaivaa. Akasema picha imeishia binti yuko kazini. Bi Mashavu akamjibu kwamba picha imeishia binti anaimba, na hapa uani anaweza kuimba atakavyo. Karani akasema Bwana Adinani hatapenda. Akajibiwa kwamba Bwana Adinani alichagua rangi, hakuchagua mtu. Mwisho Bwana Twaibu akasema kwa sauti ya kushindwa kwamba mnyororo hata hivyo utafunguliwa, atatafutwa mwingine. Hilo Bi Mashavu alilijua. Nilimwona alivyojua, nikaangalia pembeni.

Kaburini Bi Mashavu alikwenda mwenyewe, hakutaka kusubiri vijana wa Walinganishi. Kulikuwa na kibao cha mbao, herufi zimechomwa kwa msumari wa moto. Alikitikisa mpaka kikang'oka, akampa karani.

"Nimezika mmoja," alisema. "Wa pili simziki."

Jumatatu nilikuwa nimefunga mzigo wangu, nangoja jua lipande kidogo niondoke. Tulikuwa watatu barazani, tunakunywa uji. Mara mlio ukatoka upande wa kiwandani. Ulikuja kwanza kama jiwe linaloburutwa, kisha ukakaza, ukawa mmoja usiokatika, na vikombe vikaanza kutetemeka juu ya sinia. Sikudhani alisimama. Aligeuza kichwa huku na huku akitafuta unakotoka, na mkono wake, sijui kama mwenyewe alijua, ukaishika ncha ya mtandio ukaikunja ndani ya kiganja.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Mashavu.

Akamvuta akakaa karibu naye, akamwondolea kikombe mkononi, akaanza kumsimulia alivyokufa Mwanamvua.